Foleni ya Bembea Inaanza Kitale

Leo naweka pembeni mambo ya hifadhidata na programu za simu niongee kuhusu safari, ingawa mwishowe mtaona ni hesabu zile zile.

Kundi letu la WhatsApp la familia halilali siku hizi. Sisi wa Kitale tuko 5, wa Bungoma wako 6, na wote 11 tumekubaliana kuwapeleka watoto Two Rivers, kule Limuru Road. Lile jengo la maduka lilifunguliwa Februari 2017 na hapo pana bustani ya burudani yenye gurudumu kubwa wanaloliita Eye of Kenya, ambalo watoto wameliona kwenye picha mpaka wamelikariri. Kukhu naye amesema haachwi nyumbani. Tumechanga tangu Machi. Kila kitu kimekubaliwa isipokuwa siku. Wengi wanataka tarehe 26 Desemba, "ndiyo siku ya kutembea." Mimi napinga, na kwa kuwa nikiandika zaidi ya mistari mitatu kwenye kundi hakuna anayesoma, naandika hapa.

Hoja yangu ni moja: siku mnayoenda ina uzito kuliko mpango wowote mtakaoupanga mkishafika. Ndugu zangu wanafikiri hivi: tarehe 26 watu watakuwa wengi kidogo, basi foleni itakuwa ndefu kidogo, tutavumilia. Hapo ndipo wanapokosea. Foleni haikui hivyo.

Mwaka 1909 Mdenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha hesabu za simu zinazopigwa na laini zinazopatikana. Kutokana na kazi ile tukapata tawi zima la hesabu za foleni, ambalo sisi wa kompyuta tunalisoma chuoni na kulilaani, kisha tunalitumia maisha yote tukipima seva. Chukua mfano rahisi kabisa wa foleni moja na mhudumu mmoja. Akiwa na kazi asilimia 50 ya muda wake, kwa wastani utakuta mtu 1 hapo. Akifika asilimia 80, utakuta 4. Asilimia 90, utakuta 9. Asilimia 95, utakuta 19. Tazama hiyo hatua kutoka 80 hadi 95: wateja hawajaongezeka hata kwa moja ya tano, lakini foleni imekaribia kuwa mara tano! Na wakija wengi kuliko uwezo wa mhudumu, foleni haina kikomo, inakua tu mpaka geti lifungwe.

Bembea ya kweli haifuati fomula hii neno kwa neno, maana inabeba watu kwa mafungu na watu wenyewe huja kwa makundi. Lakini umbo la mchoro ni lile lile: umelala, umelala, halafu unapanda kama ukuta. Tarehe 26 uko juu ya ukuta. Jumanne ya kawaida uko chini kwenye tambarare. Hakuna ujanja wa ndani ya geti unaoweza kuziba tofauti hiyo.

Najua kuna binamu yangu (hajambo yeye, na anajijua) ambaye tayari ametengeneza jedwali la dakika kwa dakika: saa nne gurudumu, saa nne na nusu vigari vya kugongana, na kuendelea. Bembea 8 tu zinaweza kupangwa kwa njia 40,320. Zikiwa 10 ni njia 3,628,800. Na urefu wa foleni unabadilika mkiwa bado mnatembea kuelekea huko, kwa hiyo jibu lililokuwa bora saa tatu si bora tena saa tano. Tumpongeze kwa bidii, halafu jedwali tuliache nyumbani. Fikeni geti linapofunguliwa, anzeni na ile inayopendwa zaidi, baada ya hapo nendeni penye watu wachache palipo karibu.

Ukitaka kujua utasubiri muda gani, usimuulize mtu. Hesabu. John Little alithibitisha mwaka 1961 kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la tano anaielewa: idadi ya waliomo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Kama bembea inabeba watu 24 kila dakika 6, hiyo ni watu 4 kwa dakika. Mbele yako wako 80? Dakika 20. Wako 240? Saa nzima, na mtoto wa miaka minne hana saa nzima.

Sasa tuje kwenye barabara, ambayo wengi hawaihesabu kama foleni. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni kama kilomita 380 kupitia Eldoret na Nakuru. Wa Bungoma wanapitia Webuye na Turbo, wanaungana na njia yetu Eldoret. Kila Desemba Nairobi inamwaga watu wake magharibi. Magari yanakuja huku yamejaa mpaka mlangoni na yanarudi Nairobi yakiwa na viti wazi, na hiyo ndiyo sababu wenye magari wanayoitoa kila mwaka wakipandisha nauli. Kisha wiki ya kwanza ya Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, mto unageuka. Anayetaka bembea tarehe 26 atapata kiti cha kwenda bila shida. Kurudi naye ataingia kwenye umati wa magharibi wa msimu mzima, pamoja na msongamano wa Naivasha na Gilgil ambao kila mtu wa huku ana hadithi yake. Tukiwa 11, nauli ikipanda shilingi 500 kwa kichwa ni shilingi 5,500 kwa upande mmoja. Hizo ni bembea nyingi sana.

Kuna pia wazo la "tukutane Eldoret tuendelee pamoja." Linasikika vizuri kwa sababu ni la undugu. Lakini tuseme gari la Kitale lina uwezekano wa asilimia 70 wa kufika kwa wakati, na la Bungoma vivyo hivyo. Yote mawili kufika kwa wakati ni asilimia 49. Yaani tumechukua misafara miwili ya kuaminika kiasi na kutengeneza mmoja usioaminika. Kila kundi liende kivyake, tukutane Nairobi kwa shangazi jioni ya siku iliyotangulia, tule, tulale. Undugu utakuwepo tu.

Nikija kwa watu wenyewe. Msafara unaenda kwa mwendo wa anayetembea polepole zaidi, na kwetu hao ni wawili: kukhu kwa sababu ya magoti, na kitinda mimba wa senge ambaye saa nane mchana lazima alale, iwe kanisani au sokoni. Sioni sababu ya kuficha hili kana kwamba ni aibu. Lipangwe wazi. Saa nane kila mtu anakaa kivulini, analala anayelala, na wakubwa wawili wanapeleka watoto wakubwa kwenye bembea kisha wanabadilishana zamu na waliobaki. Watoto wapimwe urefu nyumbani, kwenye fremu ya mlango, maana mashine nyingi zina kipimo cha chini na hakuna kilio kibaya kama cha mtoto aliyefika mbele ya foleni akaambiwa hatoshi. Kipimo halisi cha kila bembea kiulizwe kwa simu kabla ya safari.

Hapa nina pendekezo ambalo limechekwa, lakini sirudi nyuma. Sisi wa programu hatupeleki kitu kwa wateja kabla ya kukijaribu mahali padogo. Basi tujaribu Saiwa. Hifadhi ile iko karibu na Kitale, ni hifadhi ya taifa tangu 1974, ina kilomita za mraba kama 3 tu, na unaizunguka kwa miguu ukipita juu ya njia za mbao kutafuta nzohe kwenye matete. Tumpeleke kukhu na watoto huko asubuhi moja. Tutajua anatembea dakika ngapi kabla ya kutaka kukaa, nani anadai choo kila nusu saa, na nani anakimbia mbele akapotea. Ni bora kuyajua hayo Saiwa penye nyani kuliko Two Rivers penye umati.

Kwa habari ya kupotea: msitegemee simu. Mnara wa simu nao ni mhudumu mwenye foleni. Watu elfu kadhaa wakisimama mahali pamoja wote wakituma video, ujumbe wako wa "mko wapi?" unasubiri zamu kama wewe unavyosubiri bembea. Namba ya mzazi iandikwe kwa kalamu ndani ya mkono wa kila mtoto. Pachaguliwe mahali pa kukutania panapoonekana kutoka mbali, na gurudumu lenyewe linafaa. Tiketi kama ni za mtandaoni zipigwe picha ya skrini, na mtu mmoja abebe pesa taslimu za kututoa hapo na kutufikisha kwa shangazi. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa huduma nyingi zikayumba, na hata M-Pesa ikawapa watu shida. Tangu hapo sisafiri na watoto nikiwa na salio la simu peke yake.

Mtu kauliza kama hakuna njia ya kulipa zaidi turuke foleni, kama Disney. Disney walianza FastPass mwaka 1999, na ilikuwa bure. Unachukua tiketi yenye saa, unaenda kutembea, unarudi. Mwaka 2021 wakaiondoa wakaleta ya kulipia. Mimi jambo hili silipendi, na si kwa wivu. Bembea haijaongezewa kiti hata kimoja. Dakika anazookoa aliyelipa zinatoka kwa familia iliyosimama upande wa pili wa kamba, na kadiri foleni ya kawaida inavyokuwa mbaya ndivyo tiketi ya kuiruka inavyouzika. Mfumo unaopata faida kutokana na ubovu wake mwenyewe mimi siuamini, awe ameuandika nani.

Turudi kwenye tarehe. Pendekezo langu ni Jumanne ya wiki ya pili ya Desemba, kabla ya Jamhuri. Shule zimefungwa, aliyekuwa kidato cha nne amemaliza KCSE, wazazi wengi wa Nairobi bado wako kazini, na wimbi la nauli bado halijaanza. Wanaoajiriwa na kupata likizo tarehe za Krismasi peke yake siwezi kuwalaumu, hao waende siku waliyopewa na wawe getini mapema. Lakini katika wakubwa wetu 6, hakuna hata mmoja aliyefungwa hivyo. Senge ni mwalimu, yuko likizo. Mimi kazi yangu iko kwenye begi.

Pingamizi lenye uzito ni la mjomba peke yake, naye hajaliandika kwenye kundi, alinipigia. Mahindi yake huku Kitale yatakuwa bado hayajaisha kupukuchuliwa wiki hiyo, na mvua za Desemba siku hizi hazina adabu. Gunia likinyeshewa likiota kuvu, hakuna hesabu ya Erlang ya kumfariji. Kwa hiyo nimemwambia hivi: mimi na vijana wawili tutakuwa shambani kwake Jumamosi na Jumapili zote za Novemba, na mashine ya kupukuchua tuiwekee nafasi mapema, maana nayo ina foleni. Amesema atafikiria. Senge, ukisoma hapa, mpigie.