Fundi yuko juu ya mnara, programu yangu inamhesabia dakika

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Turudi kwenye mada.

Wiki jana nilikuwa Kangemi mvua ya saa kumi ikianza. Juu ya jumba moja la ghorofa kijana alikuwa amejifunga kwenye mlingoti wa antena, simu yake ikiita bila kukoma. Nilihisi najua anayepiga. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mkandarasi mmoja wa minara (jina naliacha) programu ya tiketi. Mtambo ukizima, tiketi inafunguka na saa inaanza kuhesabu. Muda ukipita, mkandarasi anakatwa pesa. Nilijivunia sana ule ukurasa unaogeuka mwekundu! Kitufe cha kusimamisha saa hatukuweka. Hakuna aliyekiomba, nami sikukifikiria.

Watu husema fundi avae mkanda, basi. Sibishi, lakini mkanda unataka muda. Fundi hupanda na kamba mbili zenye ndoano: akihamisha moja, nyingine imeshika. Ni polepole. Mhesabie dakika uone kama hatapanda bila kushika popote, ajifunge akishafika juu. Kwenye paa, antena zinatakiwa zizimwe au zipunguzwe nguvu kabla hajapita mbele yake, kwa hiyo hapo pia asubiri. Na akiteleza akabaki ananing'inia, damu hukwama miguuni, anaweza kuzimia katika dakika chache. Lazima awepo mwenzake anayejua kumshusha. Kijana wa Kangemi sikumwona na mwenzake.

Siku hizi mwenye laini mara nyingi si mwenye mnara. Mwaka 2018 Telkom Kenya ilikubali kuuza minara hadi 723 kwa American Tower. Mwenye mnara hutafuta mkandarasi, naye hutafuta mwingine, hadi unafika kwa kijana wa kulipwa kwa siku. Marekani, waandishi wa ProPublica na Frontline walichunguza vifo vya wapanda minara mwaka 2012 wakakuta mlolongo huohuo, kampuni kubwa za simu zikiwa mbali na lawama.

Sheria tunayo, ile ya usalama na afya kazini ya 2007. Mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, haruhusiwi kurudishwa pale mpaka irekebishwe. Sasa nionyesheni hiyo haki iko wapi kwenye mifumo yetu ya tiketi.

Nyinyi mnaoandika mifumo hii, kuanzia katikati ya mji hadi Westlands, wekeni hali ya "imesimamishwa kwa usalama". Aibonyeze fundi mwenyewe, saa isimame, asiombe ruhusa kwa mtu aliyekaa ofisini na chai yake. Mtaambiwa mafundi wataitumia kukwepa kazi. Huenda mmoja atafanya hivyo, na Lavington wakae nusu saa bila mtandao. Watavumilia.

Yule mkandarasi nimemwandikia barua pepe, nikamwambia nitaongeza kitufe hicho bure. Bado hajajibu.