Ukiombea Turkana, Taja Majina

Mimi sina shida na maombi. Nasema mapema kabla mathe wa mtu aniitie pasta.

Shida yangu ni ile sala moja ya Turkana ambayo makanisa mengi ya mabati huku Laini Saba yanaijua kwa kichwa. Kesha ikifika saa nane usiku, tukishaombea visa, wagonjwa na watu wa KCSE, mtu anashika maiki: "Baba, kumbuka ndugu zetu wa Turkana wanaokufa njaa." Amina. Kinanda kinarudi, tunasonga. Kaunti ya watu 926,976, kulingana na sensa ya 2019, tumeimaliza na sentensi moja. Na hiyo sentensi hutoka tu kiangazi kikiwa kwa habari. Mwaka wa mvua, hakuna anayewakumbuka.

Sisi watu wa Kibera ndio tungefaa kuwa tunajua kuomba vizuri, juu sisi tumeombewa hadi tukachoka. Wageni wanashuka kwa basi na tisheti zinafanana, wanashikana mikono kando ya reli, wanafunga macho, wanalilia "watu milioni moja wa Kibera." Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Manze, hao wengine laki nane na kitu walikuwa wanaishi wapi? Hakuna aliyeuliza mtungi wa maji unauzwa pesa ngapi, ama choo ya ploti hufungwa na nani usiku. Wewe umesimama hapo, umeoga, unaenda job, na mtu hajui hata jina lako anakulilia kama marehemu. Sasa fikiria msichana wa miaka 19 pale Lodwar, ako na simu, anaangalia video ya kesha yetu. Anasikia nini?

Turkana iko na vitu nyingi kuliko njaa. Nariokotome ndiko Kamoya Kimeu, Mkenya, aliona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule Kijana wa Turkana mwaka wa 1984, ya miaka kama milioni 1.6. Kakuma imekuwa ikipokea wakimbizi tangu 1992, na sisi hapa tunapigania foleni ya choo. Na hao watu walikuwa wanaomba kabla kanisa letu lipate hata mabati. Mungu kwa Kiturkana ni Akuj, na hilo jina linaenda pamoja na mbingu na mvua. Hawangoji sisi tuwajulishe kwake.

Halafu kuna hii stori ya mvua. Rais alitangaza 14 Februari 2023 kuwa siku ya kitaifa ya maombi, watu wakajaa Nyayo kuomba mvua, baada ya misimu mitano kukauka. Sikatai, hata Waislamu wako na sala yao ya kuomba mvua, ni kitu ya zamani. Lakini mwisho wa mwaka huohuo El Niño ilikuja ikafagia nyumba na mifugo kaskazini. Mvua ilikuja. Mabwawa ya kuishika ndiyo hayakuwa. Hata Ziwa Turkana limekuwa likipanda miaka hii hadi likaingia kwa nyumba za watu, na bado mathe anatembea masaa kutafuta maji ya kunywa. Septemba 2013 tuliambiwa kuna maji mengi sana chini ya ardhi huko Lotikipi, tukashangilia nchi nzima. Kupima vizuri, yana chumvi. Hapo ombi lako ni lipi? Mimi ningeomba mashine ya kutoa chumvi, na mtu wa kulipia spea zake.

Na tuongee mafuta. Yaligunduliwa Ngamia 1 mwezi wa Machi 2012. Agosti 2019 shehena ya kwanza ilisafirishwa kutoka Mombasa, na rais wa wakati huo akaipungia mkono. Aliyefuga mbuzi karibu na hicho kisima alipata nini? Hiyo ni sala kamili, na inahitaji mtu wa kuijibu hapa duniani.

Kuna Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Ulisema pesa ya maendeleo iende kwanza mahali itazaa haraka, yaani penye mvua na shamba. Kaskazini ikawekwa kando kwa kalamu, na ndiyo maana hadi leo mtu wa huko akipanda basi kuja Nairobi anasema anaenda Kenya. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ikaunda Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, ya maji, barabara, hospitali na stima kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Ilipewa miaka 20. Mingi imeishia kwa mabishano ya nani ashike hiyo pesa. Ni kanisa gani umesikia likikemea hilo pepo?

Najua mtu atasema Mungu anajua kila kitu, haina haja ya kumpa maelezo. Sawa. Yeye anajua, wewe ndiye hujui. Ukitaja Kapedo kwa maombi, pale mpakani na Baringo ambako bunduki hazinyamazi, siku Kapedo itakuwa kwa habari hutapita tu na kidole. Umeiombea, iko kwako sasa. Utataka kujua mbunge alisema nini.

Kama hujui pa kuanzia, pengine soja wa ploti yenu ametoka Lokichar ama Kakuma na hujawahi kumuuliza. Mnunulie chai. Muulize kwao ni wapi, pampu ya maji ilikufa lini, na nani alisema atakuja kuitengeneza.