Gawaneni chipsi, dozi msigawane

Mwezi huu tuuache kidogo wivu na zile simu za usiku wa manane, tumwongelee mgeni wa tatu anayeingia kwenye nyumba nyingi za wapendanao. Hapana, si nyumba ndogo, usishtuke! Ni kimelea cha malaria. Huyu jamaa anakuja na mbu, anajificha kwanza kwenye ini, halafu anahamia kwenye chembe nyekundu za damu yako na kufungua jiko lake humo humo.

Kwa nini nasema jiko? Kwa sababu dawa nyingi za malaria zinamkamata akiwa anapika. Kila kiumbe lazima ale, ajenge mwili, azae. Kimelea kinafanya hayo kwa njia zake: nyingine zinafanana na zetu, nyingine sisi hatuna kabisa. Basi wataalamu wa dawa wanaitafuta ile sufuria iliyo jikoni kwake tu. Ukiitoboa, yeye anakwama, wewe unabaki mzima.

SP na mama mtarajiwa

Chukua SP, ile anayomeza mama kliniki mbele ya nesi. Ndani yake mna dawa mbili, sulfadoksini na pirimethamini. Sisi binadamu hatuwezi kujitengenezea foleti. Tunaipata kwenye mchicha, maharage na vyakula vingine. Kimelea kinajipikia chenyewe, na bila foleti hakiwezi kutengeneza vinasaba vya kuzaliana. Sulfadoksini inaziba hatua moja ya mapishi hayo ambayo mwili wetu hauna. Pirimethamini inaziba hatua nyingine ambayo hata sisi tunayo, ila inaing'ang'ania ya kimelea kwa nguvu zaidi kuliko yetu.

Sasa sikieni hapa, wazazi watarajiwa. Mjamzito anahitaji asidi ya foliki, maana inamkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Dozi ya kawaida inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.4 kwa siku, na hiyo haigombani na SP. Lakini ukifika miligramu 5 au zaidi, SP inapungua nguvu. Ni kama umemfungia jamaa jiko, halafu unampitishia hotpoti dirishani!

Kwa hiyo kaka, ukipita duka la dawa usibebe tu kopo lolote kwa mahaba. Soma miligramu, kisha ulizeni kliniki. Usimwachishe mwenzio vidonge kwa kusoma makala hii. Nendeni mkaulize pamoja. SP huanza miezi mitatu ya mwanzo ikishapita, hutolewa kwa kupishana angalau mwezi mmoja, na lengo ni dozi zisizopungua 3 kabla ya kujifungua. Na mama anayetumia kotrimoksazoli, ile wengi tunayoiita Septrin, kwa sababu anaishi na VVU, hapewi SP juu yake. Dawa hizo mbili zinapiga jiko lile lile, na madhara yanaweza kuongezeka. Amwambie nesi wazi, bila aibu.

Jamaa naye ni mjanja

Tatizo ni kwamba kimelea hakikai tu kinatazama. Tanzania iliacha klorokwini kama tiba kuu mwaka 2001 na kuingia kwenye SP. Vimelea vikabadili umbo la zile sufuria mbili, dawa ikawa haizishiki vizuri. Mwishoni mwa 2006 tiba ikawa dawa mseto, ALu, na SP ikabaki kuwakinga wajawazito.

Dawa mseto nayo inamvizia mezani. Kimelea kinakula himoglobini, ule wekundu wa damu yako, na mabaki yake yana chuma. Artemisinini, iliyotolewa kwenye mmea na kikundi cha mwanasayansi Tu Youyou wa China mwaka 1972 na kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, inawashwa na chuma hicho hicho. Yaani jamaa anakula, na mlo wake ndio unaoilipua dawa. Safi sana!

Ila mwaka 2020 watafiti waliripoti Rwanda vimelea vyenye mabadiliko ya kinasaba yanayovipa usugu, kisha wenzao wa Uganda wakaripoti vya kwao mwaka 2021, na baadaye Kagera hapa kwetu vikaonekana pia. Mbinu yao? Wanafunga! Wakiwa wachanga wanapunguza kula himoglobini, dawa inakosa cha kuiwasha. Na artemisinini haikai mwilini, baada ya saa chache imeondoka. Anayebaki kulinda mlango ni mwenzake ndani ya kidonge, lumefantrini, anayekaa siku kadhaa.

Mmeona sasa kwa nini hiyo dozi ina mikupuo 6 kwa siku 3? Wa pili saa 8 baada ya wa kwanza, halafu asubuhi na jioni. Mezeni na chakula chenye mafuta kidogo au glasi ya maziwa, maana lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri mwilini. Ile tabia ya "baby, nimepata nafuu, malizia wewe hizi zilizobaki" inawapa vimelea viwili nafasi ya kujifunza: cha kwako na cha mwenzio. Mmoja akipata homa, apime kwanza. Akikutwa nayo, ameze yote yeye mwenyewe.

Sufuria mpya zinatafutwa

Mwaka 2002 vinasaba vyote vya kimelea hiki vilisomwa, jeni yapata 5,300, na wataalamu wakapata ramani ya jiko zima. Sufuria moja iliyowavutia ni kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza pirimidini, matofali ya vinasaba. Sisi tunaweza kuyatengeneza upya au kutumia tena yaliyokwishatumika. Kimelea hakina njia ya pili, lazima kifyatue chake. Dawa iitwayo DSM265 ililenga hapo, ikajaribiwa kwa wagonjwa nchini Peru na kuua vimelea. Lakini kwa baadhi yao vimelea vilianza kubadilika, na dawa hiyo haikufika madukani.

Somo ni kwamba sufuria mpya haipatikani kila siku, na ikipatikana jamaa anaanza kutafuta pa kupenyea. Dawa tulizonazo ndizo zinazotununulia muda. Kuzilinda si kazi ya maabara peke yake, inaanzia kwenye droo ya kitanda chenu, kwenye kile kipande cha dawa kilichobaki vidonge vinne.

Mapenzi ni kugawana: chipsi, shuka, hata nauli. Lakini kumkumbusha mwenzio saa mbili usiku kwamba bado mkupuo mmoja, hayo nayo ni mahaba, tena ya kweli kuliko maua.

Tukutane mwezi ujao. Chandarua kishusheni, na mpendane!