Kivuli Si Cheusi, Wacheni Kutudanganya

Wasee, wiki jana niliposti mchoro wa Claude Monet, yale mayungiyungi ya maji, na komenti ya kwanza ikawa: "Maua tu? Si hii ni ya sebuleni kwa shosho?" Likes kibao. Sawa. Leo najibu, na sijibu kwa upole.

Kwanza mjue hasira yangu inatoka wapi. Nikiwa darasa la nne tuliambiwa tuchore ua. Nikachora bogenvilia kwenye ukuta mweupe, na kivuli chake nikakipaka samawati iliyoingia zambarau, kwa sababu ndivyo nilivyokiona. Mwalimu akanipiga mkasi kwa kalamu nyekundu, akatangaza mbele ya wote kwamba kivuli ni cheusi. Nikaamini. Miaka mingi nimepaka vivuli vyeusi. Ni baada ya kuacha chuo, nikiwa na simu na bando za usiku, ndipo nikajua kuna Wafaransa waliochekwa kwa kosa hilo hilo. Na wao ndio walikuwa sahihi.

Haihitaji digrii. Kivulini miale ya jua haifiki moja kwa moja, lakini mwanga wa anga unafika, na anga ni samawati. Kwa hivyo kivuli kwenye kitu cheupe kinavuta usamawati. Halafu kuna mkemia Chevreul, ambaye mwaka 1839 alieleza kwamba rangi mbili zikikaa pamoja zinabadilishana sura: nyekundu kando ya kijani, kila moja inapiga kelele zaidi.

Sasa tazama mchoro wa Monet wa mwaka 1873, ule wa mapopi karibu na Argenteuil. Hakuna petali hata moja iliyochorwa. Ni madoa mekundu juu ya nyasi za kijani, basi. Lakini rudi nyuma hatua tatu na shamba zima linatetemeka kwa jua. Mchoro huo ulikuwa kwenye maonyesho ya 1874, yale ambayo mwandishi mmoja wa gazeti aliyakejeli, na jina la kejeli, Impressionisti, likawaganda mpaka leo. Ati hawajamaliza kazi. Manze, kazi ilikuwa imeisha, ni macho ya watu yalikuwa hayajaanza.

Kwa hivyo unaposema "maua tu," umekosea swali. Ua ni kisingizio. Kinachochorwa ni mwanga, na mwanga hauchukui likizo ndio umsubiri. Saa tatu asubuhi ua ni la waridi, saa kumi jioni limekuwa la machungwa. Ndiyo maana walitoka studio wakaenda nje, na tyubu za rangi, zilizobuniwa 1841, ndizo ziliwarahisishia kubeba rangi mpaka shambani.

Najua mtasema, "Huyo Monet alikuwa sonko mwenye bwawa lake." Kweli, baadaye alitajirika. Lakini miaka ya 1870 alikuwa anaandikia marafiki barua za kuomba pesa, na huku anachora maua. Na alipotaka kuchimba bwawa pale Giverny mwaka 1893, majirani walipinga, wakihofia mimea yake ya kigeni itachafua maji ya mto. Alichora bwawa hilo karibu mara 250. Mwaka 1912 akaambiwa ana mtoto wa jicho. Rangi zikamchanganya, akawa anategemea maandishi kwenye tyubu, na bado hakuacha. Akapasuliwa jicho 1923, akafa 1926, na mwaka uliofuata picha zake kubwa za mayungiyungi zikafunguliwa kwa umma pale Orangerie, Paris. Huyo ndiye wa sebuleni kwa shosho? Basi shosho ana akili kukushinda.

Na sijioshi. Mimi napiga picha za harusi, na nimetumia filta zile zile: kijani moja, waridi moja, vivuli vimefutwa, kila shada linafanana na lingine kama sare ya shule. Wateja wanalipa, mimi nanyamaza. Lakini nikifanya hivyo nakuwa yule mwalimu. Naambia jicho lako kwamba halikuona kilichoonekana.

Tatizo ni hilo, na ni kubwa kuliko maua. Tumefundishwa kuchora tunachojua badala ya tunachokiona. Jani kijani, anga samawati, kivuli cheusi, pata alama, nenda nyumbani. Mtoto akiona zambarau anaambiwa amekosea, na akiambiwa mara ya kutosha, anaacha kuangalia.

Kesho saa kumi jioni, jua likiwaka, anika shuka nyeupe kwenye kamba. Weka ua lolote mbele yake. Usitoe simu. Angalia kivuli dakika tano nzima, halafu rudi hapa uniambie ni rangi gani.

Na wewe wa shosho, anza.