Fungueni Maboksi Hayo

Rafiki yangu mmoja wa Lang'ata ana kabati lililojaa ndege za mfano, zote ndani ya maboksi, na hajawahi kufungua hata moja. Ukimwuliza kwa nini, anasema boksi likishafunguliwa bei inaanguka. Mimi humwambia bora angenunua hisa, maana hisa hazishiki vumbi.

Yangu iko mezani. Ni de Havilland DH.88 Comet, nyekundu, kipimo cha 1 kwa 72, plastiki ya Airfix niliyoiunga kwa gundi na kuilainisha kwa msasa. Mabawa yake, ncha hadi ncha, hayafiki sentimita 19. Ya ndege yenyewe yalikuwa mita 13 na ushei. Ubavuni ina herufi G-ACSS na mkiani namba 34, ile iliyovaa Oktoba 1934 kwenye mashindano ya kutoka Mildenhall, Uingereza, hadi Melbourne, Australia.

Watoto wakiishika huuliza jambo moja: mbona rubani amesukumwa nyuma hivyo, karibu na mkia? Nawajibu kwamba mbele yake kote ni mafuta. Njia ilizidi kilomita 18,000, na vituo vya lazima vilikuwa vitano tu: Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville. Matangi yakajazwa puani na tumboni, nao marubani wawili wakaketi mmoja nyuma ya mwenzake, wakichungulia juu ya pua ndefu. Mwili ulikuwa wa mbao, injini mbili, na magurudumu yalikunjwa kwa nguvu za mkono. Mtoto akipitisha kidole juu ya pua ile, hahitaji kuelezwa mara ya pili. Boksi lililofungwa halijamfundisha mtu chochote.

Kuna na la nyumbani. Mmoja wa marubani hao, Tom Campbell Black, alirushia ndege Nairobi. Mwaka 1929 alishirikiana na Florence Kerr Wilson kuanzisha Wilson Airways, na ni jina la mama huyo tunalolitaja kila siku tukisema uwanja wa Wilson. Campbell Black ndiye pia aliyemfundisha Beryl Markham urubani. Mwaka 1931 alimwokoa rubani Mjerumani Ernst Udet, aliyekuwa amekwama kwenye mabwawa ya Naili huko Sudan. Sisemi tumpigie vigelegele. Anga ya Kenya wakati ule ilikuwa ya walowezi, na Mwafrika hakukaribishwa kwenye kiti cha rubani. Lakini historia hiyo imepita juu ya paa zetu, na ni aibu ijulikane Uingereza kuliko Lang'ata.

Turudi kwenye mashindano: Campbell Black na rubani mwenzake, Charles Scott, walipofika juu ya Bahari ya Timor, injini moja ilipungukiwa na presha ya oili. Wakajikongoja hadi Darwin, ikatengenezwa, wakaendelea. Walishinda kwa muda usiofika saa 71. Nyuma yao ilikuja DC-2 ya KLM, ndege ya abiria iliyobeba abiria kweli kweli, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililopaswa kuwakosesha Waingereza usingizi.

Rafiki yangu hujitetea kwamba kitu cha thamani hufungiwa. Basi na atazame Comet yenyewe. Baada ya kukaa chini miaka mingi, ilikarabatiwa na kurudi angani mwaka 1987, na makao yake ni Shuttleworth Collection, Old Warden. Wenye ile halisi, iliyoshinda mashindano, wameirusha; yeye anaogopa kufungua ya plastiki!

Kwa hiyo mwenye boksi kabatini alifungue wikendi hii, amwite mtoto, amwachie gundi hata kama bawa litakaa upande. Na ninyi wa vilabu vya urubani pale Wilson, wekeni Comet moja mezani, si nyuma ya kioo, watoto wa shule wanaokuja kutazama ndege waishike.