Haki ya Fundi Mgeni

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zipewe wasiotoka katika kabila kubwa la kaunti. Ni jambo la haki.

Lakini mwimbaji au mchora mabango aliyehamia Kitale au Bungoma haandikwi kazi. Huitwa siku ya sherehe, akalipwa ujira, akaenda zake. Sheria hiyo haimfiki. Akiona kila mwaka huitwa jamaa wa wakubwa, atapanda basi la Nairobi.

Katika miji hii miwili jirani, utakaogawa ujira kwa ustadi, si kwa ukoo, ndio utakaopata mafundi. Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.