Picha Hii ni ya Saa Ngapi?

Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa abiria walionung'unika. Tulikuwa tisa, tukielekea Mwanza kwa ndege ndogo kuhudhuria kongamano, na rubani alikataa kuondoka. Mwenzetu mmoja, ofisa wa serikali, alimwonyesha picha ya setilaiti katika simu yake: baina ya mawingu mawili makubwa palikuwa na upenyo. Rubani akamuuliza, "Picha hii ni ya saa ngapi, mheshimiwa?" Hakuna aliyejua.

Swali hilo limegharimu maisha ya watu. Nchini Marekani, marubani wengi wa ndege ndogo hupokea kupitia setilaiti picha za rada za ardhini zilizounganishwa kuwa ramani moja. Kwenye kioo huandikwa umri wa ramani, tuseme dakika 1. Rubani hudhani huo ndio umri wa mvua anayoiona, kumbe ni muda uliopita tangu ramani ilipounganishwa. Kabla ya hapo rada ilitumia dakika kadhaa kulipima anga, na vipimo vyake vikasubiri kukusanywa.

Juni 2012, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya nchi hiyo ilitahadharisha kwamba, hali ikiwa mbaya kabisa, picha huweza kuzidi umri ulioandikwa kwa dakika 15 hadi 20. Ilitaja ajali mbili zilizoua: ya helikopta ya wagonjwa katika jimbo la Tennessee mwaka 2010, na ya ndege ndogo katika jimbo la Texas mwaka 2011.

Tufanye hesabu. Dhoruba inayokwenda kilomita 54 kwa saa husogea kilomita 18 katika dakika 20. Upenyo unaoonekana kwenye kioo huenda umekwisha kuzibwa. Ndiyo maana picha hizi zinafaa kupangia njia ya kuizunguka dhoruba kwa mbali, wala si kujipenyezea katikati yake.

Picha ya mwenzetu ilikuwa na upungufu mwingine. Setilaiti inayopiga picha za mawingu huona vilele vyake. Upepo na mvua vilivyo chini haivioni.

Ni rahisi kuwalaumu marubani peke yao. Mimi nasema watengenezaji waonyeshe saa ambayo rada ilipima, si saa ya kuunganisha ramani. Mamlaka za usafiri wa anga ziwatahini marubani juu ya tofauti hiyo. Waajiri wasimwadhibu rubani aliyeahirisha safari. Nasi abiria, hasa wenye vyeo, tuache kugeuza haraka zetu kuwa amri.

Tuliondoka baada ya saa mbili, tukafika salama. Wahenga walisema: kawia ufike. Sikumwomba radhi rubani yule siku ile, namwomba leo.